Mwalimu Aliyetuchagulia Nguo za Picha ya Uchumba

Ukifika kwake na mchumba wako kutaka ushauri wa nguo za kupigia picha, hakukupokea na futi mkononi. Alikupa kiti. Mwenzako naye alipewa kiti, si karibu na wewe bali ng'ambo ya meza, halafu yeye akaingia jikoni kuchemsha chai na kuwaacha hapo mkitazamana. Chai yenyewe ilichelewa sana. Baadaye watu wakajua kwamba alikuwa anasimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, anasikiliza mnavyoongea mkidhani mko wenyewe.

Akishatoka na birika, alimwaga vipande vya vitambaa mezani. "Wewe," anamwambia mwanamume, "mchagulie huyu." Kisha anamgeukia mwanamke: "Na wewe mchagulie yeye." Hakuna aliyeruhusiwa kujichagulia. Ukinyoosha mkono kwenye kipande cha kwako mwenyewe, aliupiga kwa rula ya mbao, si kwa nguvu, lakini ulijua umepigwa.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza wanangu alikuwa mtu wa namna gani, na kila mara nakwama mahali pale pale. Nikisema alikuwa mwema, nakumbuka jambo linalonizuia. Nikisema alikuwa mkatili, nakumbuka mengine kumi. Basi nitaeleza tu nilivyomwona.

Walimu mjini Songea walikuwa wengi, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza jina, watu walijua ni yeye. Alitufundisha Sayansi Kimu: kupika uji wa mgonjwa, kukunja shuka, kushona kifungo kisichong'oka. Mimi mwenyewe alinifumulia pindo la aproni mara nne mbele ya darasa zima, na mara ya tano akasema, "Hili sasa unaweza kumpa adui yako akalikague." Miaka ilipopita, nikarudi mjini nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nikapanga chumba Ruhuwiko, nyumba ya tatu kutoka kwake. Yeye alikuwa amekwisha kustaafu. Cherehani yake ya mguu ilikuwa inasikika kuanzia alfajiri, akitoka tu kwenye misa.

Wakati wa dhiki, nguo zilipokuwa zinapatikana kwa foleni na pengine foleni yenyewe inaishia mlangoni bila kitu, alishona gauni la kipaimara la mtoto wa jirani kwa kutumia pazia la sebuleni kwake. Dirisha lake lilikaa wazi miaka miwili. Watu wakipita walimwona anakula, na hakujali. "Waone," alisema, "ili wajue hapa hakuna kilichofichwa."

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, watu wakawa wanainama kuchambua tangu asubuhi. Madukani vikaingia vitenge vya Zambia na vya Kongo, satini za kila rangi, tai za wanaume zenye maua. Na mpiga picha wa mjini akaleta filamu ya rangi. Hilo la filamu ndilo lililoleta kazi yote. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, nani atajua kama shati la mchumba wako linapatana na gauni lako? Lakini picha za rangi zilikwenda kusafishwa Dar es Salaam, zikarudi baada ya wiki tatu, na kila aibu ilikuwa humo. Ghafla wachumba wote wakataka picha ya rangi, na wote wakataka wavae kitambaa kimoja toka shingoni mpaka miguuni.

Mwalimu hakuipenda mitindo hiyo hata kidogo. "Mmekuwa kama mapazia ya nyumba moja," aliwaambia. Yeye alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na maneno yake mengi aliyatoa huko. "Nguo za wachumba zisifanane," alisema. "Ziitikiane." Ukimuuliza tofauti yake ni nini, alikukazia macho kana kwamba umemtukana, akaendelea kukata kitambaa.

Yeye mwenyewe alivaa gauni la kahawia na sweta ya kijani iliyotoboka viwiko, na miguuni viatu vya kiume. Pindo la gauni lake lilishikwa na pini. Mji mzima alikuwa anautengenezea mapindo, la kwake pini. Na satini aliipiga marufuku. "Kitambaa cha watu wanaotaka kuteleza," alisema. Lakini siku moja niliingia kwake bila kubisha hodi nikamkuta anapiga pasi, amevaa blauzi ya satini ya zambarau, yenye kola kubwa, inang'aa kama kitu cha harusi. Tulitazamana. Nikarudi nje, nikabisha hodi, akaniambia nisubiri, na alipofungua mlango alikuwa ndani ya sweta yake ya kijani.

Hakuolewa. Wengi walijiuliza moyoni, lakini aliyethubutu kumwambia ni askari mmoja aliyekuja na mchumba wake, akachoshwa na maswali. "Mwalimu," alisema, "wewe mwenyewe hujawahi kuwa na mume. Unajuaje mambo haya?"

"Waliomzalisha mama yako ni kina nani?" Mwalimu aliuliza.

"Masista wa misheni."

"Walizaa wangapi?"

Askari akachagua kitambaa.

Lakini si wote waliotoka kwake wakicheka. Alikuja karani mmoja wa duka na mchumba wake muuguzi. Karani akamchagulia mwenzake kitambaa kizuri, kila mtu akafurahi. Ikaja zamu ya muuguzi. Alichukua kipande cha rangi ya manjano, akakiweka begani kwa yule kijana, na kijana akacheka na kusema, "Mimi sitachaguliwa nguo na mwanamke." Mwalimu alinyoosha mkono akachukua kikombe kutoka mkononi mwake, kikiwa bado nusu. "Chai imekwisha," alisema. Uchumba ule haukumaliza mwezi. Mama wa karani alikuja Ruhuwiko kumtukana Mwalimu barazani, majirani tukasikia yote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaona mkono wa gauni la yule mama umefumuka, akaingia ndani, akaleta sindano, akaanza kuushona huku mwenyewe bado anatukana. Tuliokuwa pale hatukujua tucheke au tumwombee.

Huyo ndiye mtu ambaye mimi na Yasini tulimpelekea uchumba wetu.

Yasini alikuwa bwana shamba, ameajiriwa Songea, kwao Namasakata huko Tunduru. Mwislamu. Mimi nimezaliwa kijijini njia ya Mbinga, nimebatizwa jina la Konsolata, na mama yangu hakuwahi kukosa rozari ya jioni. Tulikuwa tumekubaliana kufunga ndoa bomani, kila mmoja abaki na dini yake. Kukubaliana sisi wawili ilikuwa rahisi. Wazazi wetu walikuwa hawajaonana, na njia ya Tunduru unaijua ilivyokuwa mbovu wakati ule. Basi tukaona tupige picha ya uchumba, nakala moja iende Namasakata na nyingine kwa mama yangu, waanze kuzoea sura.

Ndipo tulipogundua kwamba hatuna cha kuvaa. Sina maana kwamba hatukuwa na nguo. Nikijifunika mtandio, mama yangu atasema nimeshasilimu. Nikikaa kichwa wazi na mikono mifupi, mama yake atasema kijana wake ameokota msichana asiye na adabu. Yasini akivaa kanzu na kofia, kwetu watalia. Akivaa suti na tai, kwao watauliza kama amebatizwa. Tulikaa jioni tatu tunabishana juu ya kofia ambayo hata hatujainunua. Nikasema, twende kwa Mwalimu.

Alitukalisha kama alivyowakalisha wengine. Chai ikachelewa, mwisho akaja na birika na vitambaa vyake. Yasini akanichagulia kitambaa cha bluu, mimi nikamchagulia cheupe cha shati. Nilidhani tumefaulu. Lakini Mwalimu hakutazama vitambaa. Alimtazama Yasini.

"Kwenu Namasakata ni upande gani?"

Yasini akamweleza.

"Nyumba iko karibu na nini?"

Akamweleza hilo nalo, akinitupia jicho.

"Hapa nani anakufulia?"

"Najifulia mwenyewe, Mwalimu."

"Na ukienda kwenu likizo?"

"Mama."

"Mama tu?"

"Mama tu."

Mwalimu akaitazama kola ya shati lake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sioni."

"Huoni nini, Mwalimu?" niliuliza.

"Sioni nguo. Rudini wiki ijayo."

Tuliporudi aliniambia, "Vaa mtandio. Mweupe." Nikaenda sokoni nikautafuta. Wiki ya tatu nikaenda nao, akaushika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa njiani.

"Nani amekwambia uvae hiki?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Mimi?"

Nilimtazama Yasini, naye akanitazama. Mara ya kwanza alikuwa anacheka tukitoka pale. Siku hiyo hakucheka. Tulipofika barabarani alisema, "Huyu mama hanitaki. Ni mtu wa kanisa, na wewe ni mwanafunzi wake. Sema tu ukweli."

Sikuwa na ukweli wa kumwambia. Kama hamtaki, kwa nini anatuita kila wiki? Kama anamtaka, kwa nini anafanya hivi?

Na katika majuma hayohayo mama yangu alikuwa amenyamaza. Mwanzoni, nilipomweleza habari za Yasini, alilia kidogo, akasema Mungu ni mmoja, tutaona. Halafu pasipo sababu akabadilika. Nilikwenda Jumamosi, akanipakulia chakula, akachukua jembe akaenda shambani. Nilikwenda Jumamosi nyingine, ikawa vilevile. Nikituma barua kwa mtu, mtu anarudi mikono mitupu. Nilijua ni dini. Nilifikiri amekaa akatafakari, akaona hawezi.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamlilia. Nilimwambia mama hasemi na mimi. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alikosa tundu mara tatu, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikosa. "Nenda kanawe uso," alisema bila kuinua kichwa.

Wiki iliyofuata nikakuta mlango wake umefungwa. Siku ya pili umefungwa. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, baridi ya milima ya Matogoro imeshuka mpaka mjini, na kila asubuhi nilisimama barazani kwangu nikisikiliza cherehani, sisikii kitu. Hata kanisani hakuwapo. Wengine walisema amekwenda kutibiwa. Siku tisa. Siku ya kumi, saa tisa mchana, lori la mizigo likasimama barabarani na Mwalimu akashushwa, vumbi jekundu limempaka mpaka kope, kikapu mkononi.

Nilikimbia kumpokea. "Mwalimu, ulikuwa wapi?"

"Namasakata."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Umekwenda kufanya nini?"

"Kupima," alisema. Akatoa mfukoni mwa sweta kipande cha karatasi. Kiliandikwa kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: kifua, kiuno, bega, mkono, urefu mpaka kisigino. Juu yake ameandika: Mama wa kijana.

Kesho yake asubuhi, kabla hata mwili haujapoa, alipanda gari la kwenda kijijini kwetu. Alirudi jioni, macho yamevimba. Karatasi ya pili ilikuwa na vipimo vya mama yangu.

Halafu akashona. Alinunua jora la kitenge cha bluu iliyokolea, chenye maua madogo meupe, na kwa siku nne cherehani haikupumzika. Mimi alinishonea gauni refu, mikono mpaka kwenye kiganja, na kwa kitambaa kilekile akanifunga kilemba, kama anavyofunga mwanamke yeyote wa Ruvuma akienda msibani au sherehe, awe wa msikitini au wa kanisani. Kichwa kimefunikwa, na hakuna mtu angeweza kusema nimefunikwa na dini ya nani. Yasini alimshonea shati jeupe, na kitenge chetu akakiweka kwenye mfuko na ukingo wa kola tu. Nilipotuona wawili kwenye kioo nilielewa, kwa mara ya kwanza, maana ya kuitikiana. Na mama zetu, kila mmoja alishonewa gauni la kitambaa hicho hicho, yakatangulia kwenda kabla ya picha.

Siku ya picha naye alikuja studio, pini zimejaa mdomoni. Alimgombeza mpiga picha kwa sababu ya pazia lake lililochorwa ndege ya abiria. "Hawa hawasafiri," alisema, "wanaoana." Pazia likabadilishwa, likaja la maua. Akamwonya Yasini asicheke kupita kiasi, kwani bado hajaoa. Akanivuta kilemba mara ya mwisho, na kidole chake kikabaki kwenye shavu langu kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akarudi nyuma ya taa.

Wiki tatu baadaye picha zilirudi. Lakini mama yangu hakungoja picha. Alikuja Ruhuwiko mwenyewe, amevaa gauni lile, akakaa kitandani kwangu, akanishika mikono miwili. "Mwanangu, nisamehe," alisema. Nilidhani anaomba radhi kwa ajili ya dini. Nilimwambia yamekwisha. Na kutoka Namasakata ikaja barua ya mdogo wake Yasini: mama amevaa gauni lake, anapita nyumba kwa nyumba na picha ameishika kifuani, anawaambia watu watazame kitambaa cha mkwe na watazame chake.

Harusi ilikuwa bomani. Mama wawili, waliokuwa hawajaonana maishani, walikaa benchi moja wakiwa wamevaa sawa, wakigawana leso moja kufutia machozi. Watu waliopita walidhani ni mtu na dada yake. Mwalimu hakuja. Asubuhi nilimpitia nyumbani, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani, na cherehani inakwenda. Nikabisha. Cherehani ikasimama. Nikabisha tena, kimya. Nilipoondoka nikasikia inaanza tena.

Nilisema ni kwa sababu si ndoa ya kanisani. Iliniuma, lakini nilidhani nimeelewa.

Miaka yote iliyofuata, mama mkwe wangu alimletea korosho kila msimu. Mtu akija Songea, kifurushi kimoja kilikuwa chetu na kingine cha "yule dada mwalimu." Nilimpelekea mwenyewe. Alivipokea kwa mikono miwili, kisha akanigeuzia mgongo bila hata asante, akajifanya anatafuta kitu kabatini. Na mimi kila mahali nilikuwa nasimulia safari yake. Kwenye sherehe za kumfunda bibi harusi, kazini, kwa wanangu: jinsi mwanamke Mkatoliki aliyestaafu alivyopanda lori akaenda mpaka Namasakata kumpima mama wa Kiyao asiyemjua, ili mimi niolewe kwa amani. Nikianza kusimulia naye yupo, alisimama akaondoka. Nilidhani ni unyenyekevu. Niliwaambia watu, mnaona, hataki sifa.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ameshahama Ruhuwiko, anakaa kwa binti wa kaka yake upande wa Lizaboni. Mama mkwe wangu alikuwa amefariki. Tulipotoka msibani nilisema habari hii Mwalimu asiisikie barabarani, nimpelekee mwenyewe. Nilimkuta uani, juani, amekaa kwenye mkeka anachambua maharage kwenye ungo. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini mchanga alikuwa anautoa wote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama. "Mama yake Yasini ametutoka."

Vidole vyake vikasimama juu ya maharage. "Na mama yako alishatangulia," alisema.

"Mwaka wa tatu sasa."

"Basi wote." Akaweka ungo chini. "Sasa naweza kusema. Wao walinikataza."

"Walikukataza nini?"

"Mimi ndiye niliyemwambia mama yako kwamba Yasini ana mke kwao."

Nilimuuliza alilijua wapi jambo hilo.

"Sikulijua. Nilikuwa na hakika tu. Kijana mzuri, ana kazi, umri ule, kwao mbali. Nilijisemea, huyu lazima ana mke, na huyu mtoto wangu anakwenda kuharibiwa. Nikaenda kwa mama yako baada ya siku ile ya kwanza. Nikamwambia, nimepata habari za kweli. Nilisema za kweli, Konsolata. Nikamwapisha asikwambie mpaka nipate ushahidi."

"Ndiyo maana mama..."

"Ndiyo maana. Halafu ukaja kwangu ukalia, nikaona ushahidi unachelewa. Nikaenda kuutafuta. Sikwenda kupima. Nilikwenda kuwavunja."

Nilikuwa nimesimulia habari za mtu huyu miaka ishirini. Nilibaki nimesimama, mkoba umening'inia mkononi.

"Mama yake alinipokea," aliendelea. "Alinipa kitanda chake, yeye akalala chini na wajukuu. Nikazunguka kijijini nikiuliza watu kwa ujanja. Hakuna mke. Siku ya Jumapili nikasema nataka kusali. Kigango kilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Akanisindikiza. Nikaingia kusali, yeye akakaa nje ukutani mpaka misa ikaisha, akanirudisha. Njiani nikashindwa. Nikamwambia: dada, mimi nimekuja kumtafuta mke wa mwanao."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Akasema, 'Basi mtafute vizuri, hata mimi nitafurahi kumjua.' Halafu akaacha kucheka, akaniuliza, 'Yule binti ameshaambiwa?' Nikasema hapana. Akasema, 'Usimwambie. Mtu akianza ndoa na neno kama hilo, litamkaa.' Nilipofika kwa mama yako nikapiga magoti, naye akasema maneno hayohayo, kana kwamba wamekaa wakapanga. Ndipo nikashona yale magauni. Ningefanya nini kingine? Mimi najua kushona tu."

"Na harusini hukuja."

"Waliniita wote wawili. Ningekaa wapi? Katikati ya niliyemdanganya na niliyemsingizia?"

Nilijaribu kuhesabu. Mama yangu alijua, ndiyo maana aliomba msamaha. Mama mkwe alijua, na kila msimu alimfungia korosho. Watatu walijua na mimi pekee nilikuwa napita nasimulia. Nilitaka kumuuliza kama alifanya hivyo kwa kunipenda au kwa kumchukia Yasini kwa ajili ya dini yake, lakini nilimwona usoni kwamba swali hilo ameshajiuliza mwenyewe mara nyingi na hana jibu.

"Sasa umejua," alisema. "Una haki ya kukasirika. Kasirika, niko hapa."

Nilingoja hasira ije. Nilizifikiria zile Jumamosi mbili, mama yangu akiniacha na sahani na kwenda shambani. Ilikuja kidogo. Halafu nikamwona juu ya lori, vumbi mpaka kwenye kope. Halafu tena mama na jembe. Sikujua niishike ipi. Nilifungua mdomo, na kilichotoka si kimojawapo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akainua macho. "Umeshaniamkia."

"Najua."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyoitazama siku ile kola ya mume wangu. Kisha akasogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi.

"Marahaba," alisema.